Mbegu ya Muwa Ishindane na Gunia la Mkaa

Kariakoo ni mahali ambapo hali ya maisha ya mwananchi wa kawaida hujulikana kabla haijaandikwa katika ripoti yoyote. Bei ya sukari ikipanda, wenye maduka ya jumla huijua alfajiri, na muuza chai wa barazani huijua kabla jua halijawa kali. Mkaa ukiadimika kwa sababu ya mvua, mama lishe hupunguza chakula katika sahani au huongeza bei, na mchukuzi aliyebeba mizigo tangu asubuhi hurudi kazini akiwa na njaa. Katika mitaa hiyo hiyo, kutoka Msimbazi hadi Kongo na Uhuru, vijana husukuma mikokoteni yenye mashine za kukamua miwa. Hukamua, huchanganya na ndimu na tangawizi, huuza kwa glasi, kisha makapi hutupwa jalalani.

Sukari, mkaa na muwa vinapatikana katika mtaa mmoja. Lakini katika fikra na mipango, vitu hivyo vitatu vimekuwa vikiishi mbalimbali kama majirani wasiosalimiana. Sukari imehesabiwa kuwa jambo la viwanda na kilimo. Mkaa umehesabiwa kuwa jambo la misitu. Muwa wa mkokoteni haukuhesabiwa kuwa jambo la mtu yeyote. Umefika wakati wa kuvikutanisha, kwa sababu ndani ya muwa mna nishati inayoweza kuivisha chakula cha mji huu, na kiasi cha nishati hiyo kinategemea jambo moja ambalo halisemwi sana katika mikutano, nalo ni mbegu.

Uzito wa suala lenyewe unajulikana. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kwamba nchi ilikuwa ikitumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na kwamba Dar es Salaam peke yake ilikuwa ikiteketeza karibu nusu ya mkaa huo. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba kati ya mwaka 2001 na 2007, sehemu ya nyumba za Dar es Salaam zilizotegemea mkaa kama nishati kuu ya kupikia ilipanda kutoka 47 hadi 71 katika kila 100. Watu waliodhani kwamba mji ukikua mkaa utapungua wenyewe walipata jibu lao. Mji ulikua, na mkaa ukakua pamoja nao.

Gharama ya mkaa huo haiishii katika kopo analonunua mama lishe. Inalipwa na misitu ya Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi. Inalipwa na mito inayokauka mapema, na hatimaye na mji wenyewe, ambao maji yake yanatoka katika Mto Ruvu na vyanzo vyake. Inalipwa pia na mapafu ya wanawake na watoto. Takwimu zilizotajwa na Serikali zinasema kwamba zaidi ya watu 33,000 hufariki kila mwaka nchini kwa maradhi yanayotokana na moshi wa kupikia. Ndiyo maana mwezi Mei mwaka 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi.

Lengo hilo ni jema, lakini lengo si kuni, halichemshi maji. Kwa sasa, mtu anapotaja nishati safi mjini, wengi hufikiri juu ya mtungi wa gesi tu. Gesi ya mtungi ni msaada mkubwa na haifai kubezwa. Hata hivyo, gesi hiyo huja kwa meli kutoka ng'ambo, na bei yake hufuata misukosuko ya dunia. Zaidi ya hayo, mtungi unadai fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, ilhali mama lishe wa Kariakoo anaishi kwa fedha ya siku. Ananunua unga wa leo, nyanya za leo, na mkaa wa leo. Nguvu ya mkaa dhidi ya washindani wake haiko katika ubora wake. Iko katika kopo: unauzwa kwa kipimo kidogo kinacholingana na mfuko wa mnunuzi. Nishati yoyote inayotaka kumshinda mkaa lazima ikubali kuuzwa vivyo hivyo.

Hapo ndipo spiriti itokanayo na muwa, yaani ethanoli, inapopata nafasi yake. Ethanoli ni kimiminika. Inaweza kupimwa kwa chupa ya nusu lita kama mafuta ya taa yalivyopimwa kwa miaka mingi. Huwaka bila masizi, haihitaji mtungi wa chuma wala bomba, na jiko lake ni jepesi. Namna ya kuitengeneza si siri ya mataifa makubwa. Wazee wa Upare na Uchagani wanaoijua dengelua, pombe ya miwa, wanajua tayari nusu ya somo: hamira hula sukari iliyomo katika maji ya muwa na kuacha kileo. Kiwanda huongeza nusu ya pili, nayo ni kukigema kile kileo kwa mvuke mpaka kibaki kikali na safi.

Basi iulizwe, kama jambo ni rahisi hivyo, kwa nini jiko la spiriti halijaenea Kariakoo? Jibu linapatikana kwa hesabu, na hesabu hiyo inafaa kuelezwa waziwazi, maana mipango mingi imekufa kwa kuogopa hesabu.

Mwaka 2013 kilifunguliwa Kilombero kiwanda cha kugema spiriti kutokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa. Uwezo wake ulitajwa kuwa lita milioni 12 kwa mwaka. Spiriti hiyo ilikusudiwa hasa kwa viwanda vya vinywaji vikali. Kwa maneno mengine, moto wa muwa wa Kilombero uliishia kwenye chupa na haukufika kwenye jiko. Lakini hata kama kila tone lingeletwa Dar es Salaam kwa ajili ya kupikia, na ikikadiriwa kwamba nyumba moja hutumia lita moja kwa siku, lita milioni 12 zingetosha nyumba zisizozidi 33,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Ni dhahiri kwamba nyumba 33,000 katika mji wa ukubwa huo ni kama kijiko cha maji katika ndoo.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, lilipobuni mradi wa kueneza majiko ya ethanoli, lililenga nyumba 500,000. Kwa kipimo kile kile cha lita moja kwa siku, nyumba hizo zinahitaji lita zaidi ya milioni 180 kwa mwaka, yaani mara 15 ya uwezo wa kiwanda kile. Tani moja ya miwa, ikishatolewa sukari, huacha molasi inayotoa takriban lita 10 tu za ethanoli. Ikiwa maji yote ya muwa yatageuzwa spiriti bila kutoa sukari, tani hiyo moja hutoa lita 70 au zaidi. Kwa hiyo molasi peke yake haitoshi, na maji yote ya muwa hayawezi kutolewa bila kugusa sukari ya chai ya mwananchi.

Mbele ya hesabu hiyo kuna njia tatu. Njia ya kwanza ni kuongeza ardhi. Njia ya pili ni kupunguza sukari ya chakula. Njia ya tatu ni kuufanya kila muwa unaopandwa uwe mtamu zaidi kuliko uliokuwapo. Njia mbili za kwanza nchi hii imekwisha kuonja uchungu wake, na si vema kujifanya kana kwamba historia hiyo haikutokea.

Kuhusu ardhi, kati ya mwaka 2005 na 2010 dunia ilishikwa na homa ya nishati ya mimea, na homa hiyo ikafika pwani ya Tanzania. Kisarawe, kampuni kutoka Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 kwa ajili ya kulima mbono. Mwaka 2011 kazi zilisimama, na wanavijiji wakabaki hawana ajira waliyoahidiwa wala ardhi waliyoitoa. Kilwa, mradi wa mbono wa kampuni ya Uholanzi ulivunjika vivyo hivyo. Bagamoyo, katika iliyokuwa Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, maarufu kwa jina la Razaba, kampuni ya Sekab ya Uswidi ilipanga kulima miwa ya ethanoli katika eneo kubwa mno, kisha ikajiondoa mwaka 2009. Mradi ukarithiwa na kampuni ya EcoEnergy, ukafutwa na Serikali mwaka 2016, na shauri lake likafikishwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Katika habari zote hizo, hekta zilitangazwa kwanza, mmea ukafuata, na mwananchi akaulizwa mwisho. Mbono ulipelekwa mashambani kabla haujapata mbegu iliyochaguliwa na kuthibitishwa kwa mazao, na pengo la mbegu likajaribiwa kuzibwa kwa ukubwa wa ardhi. Haikuwezekana.

Kuhusu sukari ya chakula, mapema mwaka 2024 mvua kubwa za El Nino zilivuruga uvunaji wa miwa. Bei ya sukari ikapanda hadi kupita shilingi 4,000 kwa kilo katika sehemu nyingi. Serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi na kuruhusu sukari kutoka nje. Kariakoo ilikuwa shahidi wa kwanza wa shida hiyo. Mtu atakayependekeza kwamba sukari ipunguzwe mezani ili ichomwe jikoni hana budi kwanza kusimama mbele ya muuza chai na kumweleza hoja yake.

Inabaki njia ya tatu, na njia hiyo ndiyo inayostahili nguvu za Taifa. Hekta moja iliyotunzwa vizuri ikitoa tani 80 za miwa yenye sukari sehemu 10 katika 100, mavuno yake ni tani 8 za sukari. Mbegu ikibadilishwa, uzito ukabaki ule ule na sukari ikapanda hadi sehemu 12, hekta ile ile hutoa tani 9 na nusu na zaidi. Hekta 100 zimekuwa kama 120, na hakuna mwanakijiji aliyehamishwa. Ziada hiyo ndiyo inayoweza kwenda jikoni bila kumnyang'anya mtu chai yake.

Muwa ni jamii ya nyasi, ndugu wa mtama na mahindi. Utamu alionao leo hakuzaliwa nao wote. Watu wa kisiwa cha New Guinea, maelfu ya miaka iliyopita, ndio walioanza kuchagua mashina matamu na kuyapanda tena na tena, mpaka yakawa manene na laini. Lakini muwa huo mtamu ulikuwa dhaifu mbele ya maradhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wakaanza kuuoza na jamaa yake wa porini, nyasi nyembamba isiyo na utamu wa maana lakini yenye afya ya chuma. Huko Coimbatore, India, uchanganyaji huo ulizaa muwa ulioitwa Co 205, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1918. Huko Java mwaka 1921 ukapatikana muwa ulioitwa POJ 2878, uliookoa kilimo cha miwa kisiwani humo na kuenea duniani. Karibu kila muwa unaolimwa leo kibiashara ni mzao wa ndoa hizo za nyasi tamu na nyasi ngumu.

Majina ya mbegu zilizoko Tanzania yanaonyesha zilikotoka. Mbegu ya NCo 376, iliyotawala kwa muda mrefu mashamba ya Kilombero, ilianzia Coimbatore ambako wazazi wake waliozwa, ikachaguliwa Natal, Afrika Kusini, na kutolewa kwa wakulima mwaka 1955. Mbegu zinazoanza na herufi N zimetoka Afrika Kusini, na zinazoanza na R zimetoka kisiwa cha Réunion. Mbegu hizo zimelisaidia Taifa, na kupokea maarifa ya wengine si aibu. Aibu ni kudhani kwamba muwa uliochaguliwa kwa jua na udongo wa Natal, kwa mahitaji ya miaka ya 1950, ndio utakaotatua tatizo la mkaa wa Dar es Salaam katika karne hii. NCo 376 ina udhaifu unaojulikana mbele ya ugonjwa wa fugwe, ule unaotoa mjeledi mweusi katika ncha ya muwa, na hakuna mbegu isiyozeeka mbele ya maradhi.

Kituo chenye jukumu la utafiti wa miwa nchini kipo, wala hakiko mbali. Kiko Kibaha, takriban kilomita 40 tu kutoka Kariakoo, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Hapo mbegu kutoka nje hupokelewa, hutengwa ili zisilete maradhi, kisha hujaribiwa katika mashamba. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini inapasa kuelewa tofauti kati ya kuchagua katika kapu la mwingine na kulijaza kapu lako mwenyewe. Anayetaka muwa wenye sukari nyingi kwa bonde la Kilombero, kwa Mtibwa, kwa Kagera au kwa Arusha Chini hana budi kuoza wazazi anaowajua, kuotesha miche kwa maelfu, na kuichuja msimu baada ya msimu. Kutoka siku ya kuchanganya maua hadi siku mkulima anapopewa pingili mkononi hupita miaka 10 au zaidi. Kati ya maelfu ya miche, mmoja au miwili ndiyo hufika mwisho.

Jambo la miaka 10 halipendezi katika mikutano, kwa sababu halina utepe wa kukatwa upesi. Jengo la kiwanda hupigwa picha, lakini mche uliokataliwa katika mwaka wa nne wa uchujaji haupigwi picha, ingawa kukataliwa kwake ndiko kunakoleta mbegu bora. Taifa linalotaka nishati ya mwaka 2034 linapaswa kujua kwamba mbegu yake ilitakiwa kuwa imekwisha kuanza kuchujwa. Bajeti ya kituo cha utafiti ikikatika katikati, uchujaji haungojei. Miche hufa, na miaka hupotea pamoja nayo.

Nchi nyingine zimekwisha kuonyesha kwamba uvumilivu huo hulipa. Mwezi Novemba mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla duniani, Brazili ilianzisha mpango wa Taifa wa kuendesha magari kwa spiriti ya miwa. Mwezi uliofuata, tarehe 8 Desemba 1975, Mwalimu Nyerere alifungua jengo jipya la soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli. Nchi zote mbili wakati huo zilikuwa zikibanwa na bei ile ile ya mafuta. Brazili haikutegemea ardhi yake kubwa peke yake. Iliimarisha vituo vya kuzalisha mbegu, na mavuno ya ethanoli kwa hekta yakapanda mwaka hadi mwaka. Hapa Afrika, Zimbabwe ilianza kutengeneza spiriti ya magari huko Triangle mwaka 1980, na Malawi ikafuata huko Dwangwa mwaka 1982. Huko Aberystwyth, nchini Wales, ambako hakuna muwa unaoota, wataalamu wamezalisha nyasi za malisho zenye sukari nyingi kuliko za kawaida, kisha wakatafiti jinsi ya kupata spiriti kutokana na nyasi hizo. Ikiwa watu wa nchi ya baridi wanatafuta sukari katika majani ya ng'ombe, watu wa nchi ya jua wana udhuru gani?

Mbegu bora, hata hivyo, haijipandi. Wahenga walisema utamu wa muwa ni kifundo, na katika kilimo hiki kifundo ni mkulima mdogo. Sehemu kubwa ya miwa ya Kilombero hulimwa na wananchi katika mashamba yao, na upanuzi wa kiwanda ulioanza mwaka 2021, wa kutoka tani 127,000 hadi tani 271,000 za sukari kwa mwaka, umewategemea wao walete miwa zaidi. Mkulima huyo akiendelea kukata pingili katika shamba la jirani kwa kuwa mbegu safi haijamfikia, kazi yote ya mtaalamu hubaki katika daftari. Kwa hiyo mashamba ya kuzidishia mbegu yanatakiwa yawe karibu na vijiji, na vyama vya ushirika vya wakulima vipewe wajibu na uwezo wa kuyaendesha.

Vilevile, mkulima hawezi kuhangaikia utamu ikiwa utamu haumlipi. Penye malipo kwa uzito peke yake, ni busara kwake kuleta muwa mzito wenye maji. Penye malipo kwa kiwango cha sukari, ni lazima aamini kipimo, na malalamiko ya wakulima kwamba kipimo kiko mikononi mwa mnunuzi peke yake ni ya muda mrefu na hayawezi kupuuzwa. Muwa uliokatwa hupoteza sukari kila siku unapokaa juani. Lori likichelewa, au kiwanda kikisimama, hasara ya utamu humwangukia mtu ambaye hakusababisha ucheleweshaji. Kipimo cha sukari kisimamiwe na mtu asiye muuzaji wala mnunuzi, na majibu yasomwe mbele ya mkulima. Bila haki hiyo, maneno juu ya mbegu tamu yatakuwa matamu midomoni tu.

Isisahauliwe pia kwamba si kila mkoa una maji ya kulima miwa. Watoto wa mikoa ya ukame wanaijua kota, bua la mtama lenye utamu, ambalo hutafunwa kama muwa. Mtama wa aina hiyo huvunwa kwa miezi minne hivi, hustahimili kiangazi, na hutoa nafaka juu na maji matamu katika bua. Wataalamu wa India na kwingineko wameuzalisha mahsusi kwa ajili ya spiriti. Ugumu wake ni kwamba sukari yake haidumu baada ya kukatwa, hivyo unahitaji mitambo midogo karibu na mashamba. Lakini utafiti wa mbegu ya kota ungeipa Dodoma na Singida nafasi yao katika mpango huu, na haifai ubaki wazo la pembeni.

Wapo watakaosema kwamba spiriti ikiletwa Kariakoo kwa ajili ya jiko, itaishia kooni. Hofu hiyo ni ya kweli, maana nchi imezika watu waliokunywa spiriti isiyonyweka. Dawa yake inajulikana: spiriti ya jiko itiwe rangi na uchungu usiovumilika, iuzwe katika vyombo vilivyofungwa, na kodi yake itenganishwe na kodi ya kileo. Jambo hili la mwisho ni muhimu, kwa sababu haiwezekani kumtoza mama lishe kwa moto wake kana kwamba anauza ulevi.

Wengine watasema kwamba Nairobi ilikwisha kujaribu. Ni kweli kwamba huko, baada ya mwaka 2019, majiko ya spiriti yaliingia katika mamia ya maelfu ya nyumba, na mafuta yake yakauzwa kwa vipimo vidogo madukani. Jambo hilo lilithibitisha kwamba mwananchi wa kipato kidogo huuacha mkaa akipewa nishati inayolingana na mfuko wake. Lakini sehemu kubwa ya spiriti hiyo ilitoka ng'ambo, na bei yake iliegemea fedha za biashara ya hewa ya ukaa. Nishati ya jiko la maskini haiwezi kujengwa juu ya shamba la mtu mwingine na juu ya ruzuku inayoamuliwa mbali. Somo la Nairobi ni kwamba mnunuzi yupo, na kilichokosekana ni muwa wa nyumbani wenye sukari ya kutosha kuishusha bei.

Na wapo wauza mkaa wenyewe, wenye vibanda na wenye baiskeli na pikipiki, wanaoingia mjini alfajiri wakiwa wamefunikwa na vumbi jeusi. Hao si maadui wa Taifa. Ni wananchi wanaotafuta riziki, na wana jambo ambalo kiwanda hakina: wanaujua kila uchochoro na kila mteja. Mpango wowote wa haki utawafanya wao kuwa mawakala wa kwanza wa spiriti ya jiko, badala ya kuwafukuza na kuwaachia wenye mitaji faida ya kazi waliyoianzisha.

Yanayotakiwa, basi, si mengi, lakini hayana njia ya mkato. Kituo cha Kibaha kipewe fedha za uhakika kwa miaka 10 mfululizo, ziwekwe mahali ambapo hazitakatwa msimu ukiwa mbaya, na kiagizwe kuzalisha mbegu za Tanzania kwa lengo lililotajwa kwa takwimu: sukari kiasi gani kwa hekta, katika bonde lipi, kufikia mwaka gani. Molasi iliyopo leo ianze kupewa jiko nafasi mbele ya chupa, ili soko lijengwe wakati mbegu inachujwa. Sukari ya chakula ilindwe kwa sheria, hata spiriti ya jiko itengenezwe kwa ziada tu. Ardhi ya vijiji isiguswe kwa jina la nishati kabla mavuno ya hekta zilizopo hayajafikishwa kwenye kiwango kinachowezekana. Na kila mwaka wananchi waambiwe hadharani mbegu imefika wapi, kama wanavyoambiwa barabara imefika wapi.

Mkaa umeitawala mitaa ya Kariakoo kwa sababu ulikuja kwa kipimo cha mwananchi, kila siku, bila kukosa. Hautaondolewa kwa hotuba wala kwa makatazo. Utaondolewa na kitu kilicho bora, cha bei nafuu na chenye kupatikana, na kitu hicho kinaweza kuota katika udongo wa nchi hii. Kinachongojewa ni uamuzi wa kukianza pale kinapoanzia, yaani katika jicho dogo lililoko kwenye kifundo cha muwa.